Kumweka Nathani Chini

Njombe, Mji Mwema
Jumapili, 9 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kamwene. Mimi na Nathani hatujambo, ni baridi tu inatusumbua. Asubuhi majani yote yanakuwa meupe, ukiyakanyaga yanavunjika. Maji ya kwenye ndoo nayapiga kwa kikombe ndiyo yakubali kuchoteka.

Vitunguu nimevipata. Remmy wa basi la Kosta alinishushia pale stendi, kisha akanicheka. "Dada Priska, mwaka huu wa simu bado mnaandikiana barua?" Nikamwambia mama yangu masikio yalikwenda na ile homa ya mwaka juzi, nikimpigia naongea na upepo. Na kile kisimu chake herufi zake ni ndogo kama chenga za mchele, atazisomaje? Akaacha kucheka. Akasema basi lete, nitamkabidhi mkononi mwake.

Kazi naendelea nayo pale kwenye kitalu cha miche. Tunajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea parachichi, kutwa tumechuchumaa. Vidole havisikii kitu mpaka jua litoke. Mwenzangu wa pembeni anaitwa Hyasinta, anaongea mno, lakini saa ya kutoka kila mtu anashika njia yake.

Mkweo Elius bado yuko kule Mchuchuma. Anasema makaa ya mawe yakianza kuchimbwa wataandika majina, hataki yamkute mbali. Kwa sasa analima vibarua kwenye mashamba ya watu. Mtandao anaupata akipanda kilima. Jumapili iliyopita alipanda, tukasalimiana, ikakatika kabla hajasema jambo lenyewe.

Sasa lile uliloniuliza. Mama, Nathani anatembea! Tena si kutembea, ni fujo. Juzi aliingia kwenye banda la kuku la Mama Jasmine, jirani yangu wa mlango wa pili, akatoka na yai mkononi, wala hajalivunja. Jana kavuta kitambaa cha meza, vikombe viwili vikaenda. Namkimbiza uani mpaka kanga inanidondoka. Nikimwita anageuka, anacheka, anazidi kukimbia.

Jioni tunalala mapema kwa ajili ya baridi. Chumba ni kikubwa kwa watu wawili.

Nisalimie wote hapo.

Mwanao,
Priska


Makambako
16 Juni 2024

Mama Nathani,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea Avelina wa duka la jirani. Sijui sauti yangu ilikuwa kubwa kiasi gani, maana alirudi nyuma. Nilipofika kwenye yai alicheka mpaka nikaona meno yake ya nyuma. Kicheko nakiona kwa macho siku hizi. Watu wengine hawapendezi.

Sokoni nimewaambia wote. Hata yule mzee wa dagaa, ambaye hatusalimiani.

Mtoto anayetembea hawezi kukaa na soksi kwenye saruji ya Njombe. Mnadani hapa kuna mitumba ya viatu vya watoto, vya ngozi, vigumu kisiginoni. Nitumie miguu yake. Msimamishe juu ya karatasi, zungusha penseli taratibu, yote miwili, maana mguu wa kulia na wa kushoto ni ndugu lakini si mapacha. Usimpime kwa kijiti kama dada yako alivyofanya, mtoto akavaa viatu vya babu yake.

Kanisani tunaendelea vizuri. Kwaya imeshona sare mpya, za kijani. Zimewapendeza, isipokuwa wale wanene.

Unasema chumba ni kikubwa. Ni kile kile mlichokuwa mnalalamika ni kidogo, Elius alipokuwepo. Kula vizuri. Na kile kitunguu kimoja kilichoanza kuota anza nacho.

Mama yako,
Fidelia


Njombe, Mji Mwema
23 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Miguu hiyo hapo kwenye karatasi ya pili. Nilimsimamisha kama ulivyoagiza. Alinisumbua! Alikuwa anataka kukimbia tu, kila nikishika penseli ananiponyoka. Lakini nimefanikiwa.

Usisumbuke kutafuta vya gharama. Atavimaliza upesi kwa mbio hizi.

Leo sina mengi, Remmy anapiga honi.

Mwanao,
Priska


Makambako
30 Juni 2024

Mama Rejoice,

Sijakosea jina. Najua sasa wanakuita Mama Nathani, na mimi hukuita hivyo. Lakini barua hii namwandikia Mama Rejoice, kwa sababu nadhani ndiye aliyenichorea ile miguu.

Nimezaa watoto watano na wote niliwachora miguu, kwenye mifuko ya saruji, baba yenu akienda kutafuta viatu. Hakuna aliyetulia. Wa kaka yako ulikuwa na visigino viwili. Wa kwako kidole gumba kilikuwa na pembe kama ya mbuzi, maana penseli ilipofika kidoleni wewe ulishaondoka. Baba yenu alikwenda na karatasi hiyo dukani wakamuuliza kama ni ramani.

Mchoro wako ni mzuri mno, mwanangu. Mstari haujatikisika hata mahali pamoja. Tena mguu ni mwembamba. Mguu uliobeba mwili hutanuka ukikanyaga. Huu ulikuwa umening'inia hewani, wewe umeushika kwa mkono wa kushoto.

Viatu sijanunua. Wala sijakasirika. Nakuuliza mambo matatu tu. Unapojaza viriba, mtoto yuko wapi? Unapopika, yuko wapi? Na unapoandika barua, yuko wapi?

Nijibu hilo la mwisho kwanza.

Mama yako


Njombe, Mji Mwema
21 Julai 2024

Mama,

Yuko mgongoni.

Hata sasa yuko mgongoni, amelala, pumzi yake inanigonga hapa shingoni. Barua zote nilizokuandikia nimeziandika yeye akiwa huko. Kwenye kitalu yuko mgongoni. Nikipika yuko mgongoni, nageukia pembeni ili moshi usimfikie. Nikilala ndipo namfungua, tena namlaza kifuani.

Samahani kwa kukaa kimya. Niliandika nikachana. Remmy aliniambia kila Jumapili unamsubiri stendi, anakutikisia kichwa, unaondoka. Leo nimesema hapana, hata kama ni aibu naipeleka.

Zile habari za yai na vikombe ni za kweli, lakini si za Nathani. Ni za Manase, kitinda mimba wa Mama Jasmine. Nilikuwa nasikia kelele zake uani, nakuandikia. Niliazima mtoto wa watu. Nilipokuwa naandika nilikuwa naona kabisa ni wangu anayekimbia, nikafurahi peke yangu humu ndani.

Wa kwangu anakaribia miaka miwili, hajasimama. Nilimpeleka kliniki. Nesi akamkunja miguu, akamkunjua, akamkwaruza nyayo, mtoto akacheka. Akaniambia, "Mama, miguu hii ni mizima kabisa. Mgonjwa ni hiyo mbeleko." Kina mama wote kwenye benchi wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo mpaka uso ukakauka. Alisema nimwache chini kila siku, nimrudishe Septemba. Asiposimama hadi hapo watatuandikia hospitali kubwa kwa mazoezi, maana miguu ikichelewa sana inakuwa kazi kuirudisha.

Na Bwana Efraimu, msimamizi wetu wa kitalu, naye hakuniacha. Ati mche ukikaa kivulini siku zote hauwi mti. Nikamwambia mtoto si mparachichi, Bwana Efraimu. Walicheka sana, yeye mwenyewe akacheka. Lakini nilirudi nyumbani nimekasirika.

Uliponiita Mama Rejoice nilikaa chini. Hakuna anayeniita hivyo tena. Alipozaliwa Nathani watu walifuta lile jina siku hiyo hiyo, wakaweka hili, nadhani walifikiri wananisaidia.

Sijawahi kukueleza asubuhi ile yote. Nilimlaza Rejoice kitandani nikatoka kuanika nepi. Kifua kilikuwa kinambana tangu jana yake, tulikuwa tumeshapanga kwenda zahanati jua likitoka. Nikamsikia analia. Kisha akanyamaza. Mama, nilifurahi. Nilisema moyoni, afadhali amelala. Nikaendelea kuanika. Daktari alisema kifua kilikuwa kimejaa kutoka usiku, hata angekuwa mikononi mwangu isingebadilika kitu. Namwamini daktari. Lakini mgongo wangu haujamwamini. Nathani akinyamaza mahali ambapo sisikii pumzi yake, napata kizunguzungu.

Usidhani sijaribu. Kila asubuhi nasema leo namshusha. Halafu kuna mtu anaanza kunisemesha kichwani, kwa upole kabisa, kama wifi mwema. Leo kuna upepo, Priska, kesho. Saruji imekuwa barafu, kesho. Hyasinta ana mafua, anampigia chafya, kesho kutwa. Hajawahi kusema usimshushe kamwe. Angesema hivyo ningemkatalia. Yeye anasema kesho tu, na mimi namwona ana busara.

Na kuna lingine nalionea haya. Elius hayupo. Wewe uko mbali na sauti yangu huisikii. Nikitoka kazini mpaka kesho yake hakuna mtu wa kusema naye. Mgongoni ndipo ninapokuwa na mtu. Akishuka akaenda zake, nitabaki na nani?

Nimemaliza. Ukitaka kunisema, niseme.

Mwanao,
Priska


Makambako
28 Julai 2024

Mwanangu,

Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio, kisha ningekupikia. Kwa kuwa niko mbali nimekutumia maharage. Sikio utajivuta mwenyewe.

Barua yako niliisomea ndani, mlango nimefunga. Hiyo sikumsomea Avelina. Alikuja akagonga, bila shaka, sikusikia, akaja akachungulia dirishani akanikuta nalia, akadhani nimefiwa. Imebidi nimwambie ni vitunguu. Vitunguu viko sokoni na mimi niko chumbani.

Unaogopa kimya. Sikiliza, mimi ninaishi humo. Asubuhi Avelina ananyamaza mbele yangu huku mdomo unakwenda kama cherehani. Malori ya Dar na ya Mbeya yananyamaza barabarani kutwa nzima. Jogoo anapanda juu ya kuni, ananyoosha shingo, ananyamaza. Watoto wa shule wanapita wananyamaza wanasukumana. Wote wako hai, Priska. Miaka miwili sasa nimekaa kwenye kimya na hakijaua mtu mbele yangu. Rejoice aliuawa na kifua. Kimya kilikuja baadaye, kikakukuta unaanika nepi, ukakishika kama ndicho mwizi.

Sasa sikwambii umfungue siku nzima. Hutaweza, na ukishindwa huyo wifi wa kichwani atafanya sherehe. Fanya wimbo mmoja. Ukitoka kazini tandika blanketi, mshushe, wewe kaa hapo hapo mbele yake. Chagua wimbo kwenye kitabu cha kanisa, imba beti zote. Mikono ikae juu ya magoti yako. Wimbo ukiisha mbebe ukitaka. Wifi akisema kesho, usibishane naye, kwa kubishana amekuzidi. Mwache aseme, wewe imba.

Kuhusu utabaki na nani, sina jibu. Ningekuwa nalo ningelitumia hapa kwangu.

Na mimi nilikudanganya. Zile sare za kijani niliziona zikipita dirishani. Kanisani sijaenda tangu Pasaka. Siku ile niliimba kama zamani, nimefumba macho. Nilipofumbua, kanisa zima limeketi, nimesimama peke yangu naimba, na mtoto mmoja benchi la mbele ananionyesha kidole. Sijui niliimba peke yangu kwa muda gani. Hakuna aliyenivuta gauni. Tangu hapo, ikifika Jumapili, nawaonyesha tumbo, kwamba linauma.

Umeona ulivyojifunza uongo. Umeupata nyumbani.

Mama yako,
Fidelia


Njombe, Mji Mwema
11 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Pole sana kwa ile Pasaka. Ningekuwepo ningekuvuta gauni, halafu ningesimama tuimbe wote wawili wakome.

Nimefanya ulivyosema, lakini usifurahi haraka.

Siku ya kwanza nilimshusha, akanishika sketi, akalia mpaka akawa mwekundu. Niliimba beti nne kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Beti ya tatu nikaona mikono imeshamnyanyua. Sikuituma, Mama, haki ya Mungu. Nilishtukia tu yuko kifuani.

Siku ya pili nikatafuta wimbo mfupi kuliko yote kitabuni. Una beti moja. Nikajiona mjanja. Hata machozi yake hayakuwa yamefika shavuni tukamaliza ibada.

Baada ya hapo wifi akasema wiki hii ni ya baridi sana, pumzika, ukaanze upya wiki ijayo ukiwa na nguvu. Nikapumzika wiki nzima. Nilikuwa nachagua hata njia ya kurudia nyumbani, nachelewa makusudi, nikifika ni giza nasema basi tena. Uzito wenyewe si wa kumshusha. Fundo la mbeleko nalifungua kwa mkono mmoja. Uzito uko kabla, pale ninapolishika lile fundo. Hapo ndipo vidole vinakuwa kama vya asubuhi kwenye viriba.

Jumatatu nikaanza tena. Naimba, yeye analia, mlango ukagongwa. Mama Jasmine.

"Mama Nathani, umeokoka upya? Wiki ile ibada, leo tena ibada, na mtoto anakemewa pepo?"

Nikataka kumdanganya. Nikashindwa, nikamweleza. Nilitegemea atacheka kama wale wa kliniki. Hakucheka. Alivua ndala, akakaa chini mlangoni, miguu ameinyoosha, akasema anza tena, tuimbe. Yeye ni Mkatoliki, wimbo wenyewe haujui. Kwa hiyo anasubiri niseme neno ndipo naye aliseme, halafu analivuta, analivuta, kama mtu anayetoa kamba kisimani. Beti moja ya Mama Jasmine ni kama beti zangu zote. Nilikuwa nataka wimbo uishe, yeye ndiyo kwanza yuko kwenye neno la pili! Mikono yangu nimeikalia.

Nathani akachoka kulia. Akamwangalia huyu mama mdomo wazi. Akakishika kile kigoda changu cha jikoni, akajivuta. Akasimama. Magoti yanatetemeka kama ya ndama. Akaangalia chini kama anayeshangaa nani amemleta huko juu, kisha akakaa kwa kishindo.

Hii si ya Manase, Mama. Hii ni yetu.

Tangu siku hiyo Mama Jasmine anakuja jioni, ila siku ya mnada. Alhamisi kulikuwa na upepo wa kweli, wa kung'oa mabati, nikambeba kutwa nzima na jioni sikumshusha. Nakwambia ili nisikudanganye tena.

Na wewe nenda kanisani. Wimbo mmoja tu. Ukiisha toka ukitaka.

Mwanao,
Priska


Makambako
18 Agosti 2024

Priska,

Marahaba. Umekuwa mkali, unanirudishia dawa yangu.

Nilikwenda. Nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Nikaweka kiganja kwenye benchi la mbele yangu. Watu wakiimba mbao inatetemeka, hilo sikulijua. Ilipotulia nikajua wimbo umekwisha, nikaketi pamoja na wenzangu. Hakuna aliyegeuka. Kuimba sikuimba. Jumapili ijayo, labda. Umeona, na mimi nina wifi wangu.

Upepo wa Alhamisi usinieleze. Siku ulizombeba nazijua bila kuambiwa. Niambie tu ukimshusha tena.

Mshukuru Mama Jasmine. Lakini nina neno. Anasimama wewe ukiwa umekaa mbele yake, macho kwa macho. Huko bado yuko mgongoni kwako, umemhamishia mbele tu. Siku moja itabidi asimame mahali ambapo wewe humwoni. Najua ninakuomba nini. Nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuliandika.

Mama yako,
Fidelia


Njombe, Mji Mwema
8 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinikasirisha siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia Mama Jasmine, "Nikae naye au niende?" Akasema, "Nenda hata chooni, dada, choo hakina wivu." Nikaenda. Niliposimama mle ndani sikufunga hata mlango. Nikarudi mbio. Nathani alikuwa anakula udongo, salama kabisa. Kesho yake nikaenda mpaka bombani.

Hatua ya kwanza sikuiona. Nilikuwa bombani. Narudi na ndoo kichwani nawakuta wote wamesimama uani wananitazama, nikajua kuna jambo, nusura niimwage. Mama Jasmine akasema, "Mwenzio katembea, kaja kwangu kutoka pale kwenye kuni." Nikasema vizuri. Nikaingia ndani kutua ndoo, nikakaa kitandani kidogo. Miezi yote hii nimembeba, na siku hiyo amemwendea mtu mwingine. Jioni akanijia na mimi, hatua tano hivi, akanidondokea magotini. Nilimshika halafu nikamwachia, maana alikuwa anataka kurudi.

Kliniki tumekwenda. Nilidhani yule nesi atashangaa, labda atawaita wenzake. Alimtazama akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye mizani, akaandika, akasema, "Mwingine!" Nikatoka. Ndivyo ilivyo, kwao ni mtoto mmoja zaidi anayetembea.

Elius alipanda kilima Jumapili. Nikamwambia anatembea. Akasema, "Si uliniambia anatembea tangu Juni?" Kumbe na yeye nilikuwa nimemdanganya, nilikuwa nimesahau. Nikaanza kumweleza tangu mwanzo, habari ya Rejoice na nepi na mengine. Nilizungumza muda mrefu. Nilipomaliza sikusikia kitu, nikatazama simu, ilikuwa imekatika. Sijui alisikia hadi wapi. Nitamwandikia. Nimeshazoea kuandika.

Asubuhi Nathani anabaki kwa Mama Jasmine, kwenye kitalu naenda peke yangu. Sikudanganyi, ni vigumu. Mgongo unaingia baridi hadi kwenye mifupa, nimevaa sweta mbili na bado. Njiani naweka mkono nyuma kumpigapiga, nagusa sweta. Hyasinta aliniuliza mbona umenyooka hivyo, unaringa? Juzi aliniomba nipite kwake tunywe chai. Nilisema kesho. Kisha nikajisikia nilivyolisema hilo neno, nikamwambia hapana, leo, twende. Chai yake haina sukari ya kutosha, lakini nilikaa mpaka ikaisha.

Sasa nikuambie ninachofanya saa hii.

Nimekaa mezani. Mlango nimeurudisha, sikutia komeo. Nathani yuko uani na Manase, Mama Jasmine anachambua mboga hapo nje. Ni mara ya kwanza mimi niko ndani, mlango umefungwa, yeye yuko nje na sina ndoo wala choo cha kunitoa. Nimekaa tu kwa makusudi. Kwa kuwa wewe husikii, nitakuandikia ninachosikia.

Wanapiga sufuria. Manase anasema lete, lete. Nathani hajajua kusema lete, anasema ete. Kuku amekimbia. Mama Jasmine anaimba ule wimbo wetu, bado hajui maneno.

Sasa wanacheka. Sijui wanacheka nini.

Ameanguka. Nimejua kwa kishindo. Analia, huyo ni yeye, si Manase. Nilishasimama, Mama. Nimekaa tena. Herufi zimepinda, utanisamehe. Wifi hasemi kesho leo, amebadilisha, anasema sasa, sasa hivi, kimbia. Mama Jasmine anasema, "Inuka, baba, inuka mwenyewe, umeumia wapi?" Bado analia. Naweza kuona kivuli chao chini ya mlango.

Amenyamaza.

Sisikii sufuria. Sisikii Manase. Hakuna kitu, hata kuku. Naona sasa jinsi ulivyo huko. Ni kimya kabisa, na mimi sijatoka.

Nitaandika jina langu taratibu, herufi moja moja. Nitakunja karatasi, nitaandika jina lako juu ya bahasha. Ndipo nitafungua mlango.

Mimi mwanao,
Priska
Mama wa Rejoice na Nathani